Mvinyo mwekundu wa Ufaransa kwa anayeanza: ununue upi, uunywe lini

Chupa yangu ya kwanza ya Bordeaux ilikaa miaka minne juu ya kabati la jikoni, Dar es Salaam. Nilikuwa nimeambiwa mvinyo wa Kifaransa kadiri unavyokaa ndivyo unavyonoga, basi nikaitunza kwa siku kubwa. Siku ilipofika nikakuta kizibo kimejisukuma nje na lebo ina michirizi myekundu. Nilipoufungua, ulinuka zabibu kavu zilizochemshwa. Wageni walikunywa kwa adabu. Wangu niliumwaga kwenye sinki.

Sehemu kubwa ya mvinyo mwekundu wa Ufaransa hutengenezwa ili unywewe ndani ya miaka michache tangu mavuno. Inayostahili kusubiriwa ni michache, ina bei, na inataka kulazwa gizani kwenye nyuzijoto 12 hivi. Kwa hiyo nimeipanga kwa swali moja tu: ukinunua leo ukafungua Jumamosi, upi utakufurahisha?

Namba moja ni Beaujolais-Villages, mvinyo wa eneo la Beaujolais, na sina mjadala. Zabibu yake ni Gamay. Vishada huingizwa kwenye tangi vikiwa vizima, tunda likaanza kuchachuka kwa ndani kabla halijapondwa, ndiyo maana mvinyo unatoka na ladha ya matunda na tanini kidogo. Tanini ndiyo ule ukakasi wa bibo, unaokausha ulimi na kuubana. Aliyezoea mvinyo mtamu, wa Dodoma kwa mfano, mara nyingi kinachomkimbiza kwenye mvinyo mkavu, yaani usio na utamu, ni ukakasi huo. Mwaka 1395 mtawala wa eneo jirani la Bourgogne, Philippe le Hardi, aliamuru mizabibu ya Gamay ing'olewe kwake, akidai ni mibaya na haina uaminifu. Heri yetu ilisalia kusini mwa hapo, huko Beaujolais.

Unywe ndani ya miaka miwili au mitatu. Ule uitwao Beaujolais Nouveau hutoka Alhamisi ya tatu ya Novemba na ni wa kumalizwa ndani ya miezi michache. Ukiukuta dukani una mwaka wa juzi, pita. Ukiwa na hela zaidi, tafuta mvinyo wa sehemu kumi zenye hadhi kubwa za eneo hilo, ambazo mara nyingi lebo huandika jina la sehemu tu: Fleurie ni laini, Morgon na Moulin-à-Vent ni mizito na huweza kusubiri miaka mitano na zaidi.

Namba mbili ni Côtes du Rhône, wa bonde la Rhône. Hapa kuna zabibu za Grenache kwa unono na Syrah kwa ule mguso wa pilipili manga. Kwa nyama choma ya mbuzi ningeuweka juu ya Beaujolais, lakini una kilevi kingi zaidi, nao ukinywewa wa moto unachoma koo. Miaka miwili hadi mitano inatosha.

Namba tatu, Chinon wa bonde la Loire, ikiwa utaupata. Ni wa zabibu ya Cabernet Franc, una harufu ya majani mabichi ambayo wengine hawaipendi kabisa.

Bordeaux nimeuweka wa nne, na najua nitagombezwa. Tatizo ni kwamba jina limekuwa kubwa kuliko chupa nyingi zinazolibeba. Anayeanza achague wenye zabibu ya Merlot nyingi, akiutafuta upande wa Saint-Émilion na jirani zake, wenye umri wa miaka mitatu hadi sita. Mvinyo mizuri ya Pauillac na Margaux, sehemu nyingine za Bordeaux, ni ya zabibu ya Cabernet Sauvignon na huweza kudai miaka kumi. Ukiifungua michanga unalipa pesa nyingi kwa ukakasi. Maneno "Grand Vin de Bordeaux", yaani mvinyo mkuu wa Bordeaux, yasikutishe, hayathibitishi ubora wowote.

Wa mwisho ni Bourgogne, wa zabibu ya Pinot Noir. Hauna kosa, ila wa bei nafuu mara nyingi ni mwepesi hadi maji, na mzuri utakufilisi kabla hujajua unachokipenda.

Dukani tazama mwaka wa mavuno kwanza, kisha tazama chupa ilikokuwa imesimama. Iliyokaa dirishani juani iache hata wakikupunguzia bei.

Sasa joto. Wafaransa wakisema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba, wanazungumzia chumba cha zamani cha mawe chenye nyuzijoto 16 hadi 18. Sebule ya Mombasa mwezi Februari sicho chumba hicho. Weka chupa kwenye friji kwa muda wa saa moja hadi moja na nusu, Beaujolais saa mbili, na usione haya mtu akikucheka. Ukibaki, uzibe na uurudishe frijini, unywe ndani ya siku tatu. Baada ya hapo utie kwenye rosti ya nyama, kitunguu kikishakuwa cha kahawia, kabla ya nyanya.