Baiskeli gani ununue ukiwa Tabora, kuanzia namba moja mpaka ile ya kuachana nayo

Kila mwaka hela ya tumbaku ikianza kutoka napigiwa simu na ndugu wa Sikonge, Urambo, mpaka Kaliua huko, na swali ni lile lile, aisee ninunue baiskeli gani? Na mi huwa nawarudishia swali, fundi wa karibu na kwako ana spea za nini? Maana baiskeli utainunua siku moja ila tairi, tyubu, gololi na cheni utanunua miaka yote utakayokaa nayo, sasa ukichukua kitu ambacho spea yake mpaka mtu akuagizie Dar umejifunga mwenyewe.

Mi naishi Ng'ambo, nafuata asali vijijini Uyui na Sikonge kwa baiskeli, kwahiyo haya nayaandika kwa niliyoyabeba mgongoni mwa keria. Tabora milima ya kututisha hatuna, balaa letu ni mchanga na miiba. Kiangazi njia za vijijini zinakuwa mchanga laini mpaka tairi nyembamba inazama, masika udongo wa mbugani unajaa kwenye madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka na unabaki unachokonoa na kijiti. Anayeishi Isevya na kazi yake iko mjini hayamhusu sana hayo, anayetoka Itaga au Ndevelwa yanamhusu kila siku, na mpangilio wangu nimeupanga nikimfikiria huyu wa pili kwanza.

Namba moja ni ile nyeusi ya chuma, ya kizamani, tairi 28, breki za vyuma. Phoenix ya Shanghai wengi tumekua nayo, na za Kihindi Hero na Avon, zote mbili zinatoka Ludhiana kule Punjab, Hero wapo tangu 1956. Vijana wanaiona ya wazee lakini mimi sijaona inayoishinda kwa mizigo. Dumu la lita 20 la maji ni kilo 20 ila la asali hilo hilo linakaribia kilo 28 kwasababu asali ni nzito kuliko maji, ukifunga matatu una kilo 80 na kitu, bado wewe mwenyewe hujakaa, na huo mzigo wote unaishia gurudumu la nyuma. Sasa hesabu spoku kabla hujalipa, baiskeli hizi kwa utaratibu wa zamani zinakuja na spoku 32 mbele na 40 nyuma, ukikuta nyuma kuna 36 sio mbaya kwa mtu mmoja ila kwa biashara ya mzigo mi naiacha. Kama uwezo upo chukua yenye fremu ya bomba mbili juu, hiyo ndo ya kazi.

Chuma kina faida moja watu wanaisahau, kikipasuka popote pale penye mashine ya kuchomelea kinashonwa na unaendelea na safari, ila fremu ya alumini ikipasuka fundi wa kijijini atakuangalia tu, ile inataka mashine yake na mtu aliyeisomea. Ubaya wake nao niseme, ni nzito, kilo 20 na zaidi ikiwa tupu, na breki zake mvua ikinyesha zinateleza sana kwenye ringi la kromu, kwahiyo masika anza kubana breki mapema, usisubiri ufike kwenye ng'ombe. Alafu stika isikudanganye, stika inaweza kubandikwa na yeyote. Angalia maungio ya fremu na ulaini wa kromu, na piga jicho kotapini, yaani pini zinazobana mikono ya pedeli, zile za chuma laini zinakulika haraka na pedeli inaanza kucheza.

Namba mbili, kwa mtu wa mjini na hasa dada zetu, ni zile za Kijapani za mtumba, zenye kikapu mbele na fremu iliyoshuka, Wajapani wenyewe wanaziita mamachari. Najua wengi mnaniulizia baiskeli mpya, ila siwezi kuiruka hii kwasababu kwa bei ile ile ya mpya ya hovyo unapata hii iliyotengenezwa vizuri. Unapanda na gauni, kitenge au baibui bila kurusha mguu, cheni ina kava kwahiyo nguo haimezwi, nyingi zina taa ya dainamo na kufuli yake ya duara kwenye gurudumu la nyuma, ufunguo unatoa mfukoni basi. Zenye gia 3 gia ziko ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, mchanga hauzifikii, ila kuna kidude kidogo pembeni ya ekseli ya nyuma ambako waya wa gia unaishia, baiskeli ikiangukia upande huo kinavunjika, kikague kabla hujalipa kwa kubadilisha gia zote tatu huku unaendesha.

Mtego wake mkubwa uko kwenye tairi, na hapa nawaomba msome taratibu. Tairi ya hizi imeandikwa 26 × 1 3/8. Tairi ya mauntenbaiki imeandikwa 26 × 1.95. Mtu anaona 26 na 26 anasema saizi moja, ananunua, anafika kwa fundi haiingii, wanaanza kulazimisha na spana mpaka tyubu inachanika. Ukweli uko kwenye namba ndogo pembeni ya tairi, ina kistari katikati. Ya Kijapani inaishia na 590, ya mauntenbaiki inaishia na 559, na ile nyeusi ya 28 × 1 1/2 inaishia na 635. Hiyo namba ya mwisho ni kipenyo cha ringi pale tairi inapokalia, kwa milimita, na ile ya mbele ni unene wa tairi. Ya mwisho ikifanana inaingia, isipofanana haiingii hata umlete fundi wa kiwandani. Kwahiyo ukinunua Kijapani zunguka kwanza sokoni uhakikishe tairi ya 590 inapatikana, na ukiipata chukua mbili uweke moja juu ya dari.

Namba tatu mauntenbaiki ya mtumba isiyo na shokapu kabisa, au yenye za mbele tu. Tairi nene inaelea kwenye mchanga, valvu yake mara nyingi ni kama ya pikipiki kwahiyo unajaza upepo popote penye kompresa, na gia zinasaidia ukipambana na upepo wa kiangazi barabara ya Nzega. Ila gia zinataka utunzaji. Kile chuma kinachoshikilia gia ya nyuma kikipinda kidogo tu cheni inaruka, siku mbaya gia inaingia kwenye spoku na safari imeishia hapo. Simama nyuma ya baiskeli uangalie kama magurudumu ya gia yamenyooka na cheni. Kama fremu ni ya chuma, shukuru.

Namba nne, na hapa naongea kwa uchungu, ni mauntenbaiki mpya za bei rahisi zenye shokapu mbele na nyuma, rangi kali, disiki, maandishi kibao. Niliwahi kununua. Zile shokapu ni springi tupu, kila ukikanyaga pedeli nguvu yako nusu inaishia kubonyea, baiskeli yenyewe nzito kama ile nyeusi lakini mzigo haibebi kwasababu nyuma hakuna pa kufunga keria ya maana. Mwezi wa pili tangu niinunue, nikiwa natoka Sikonge na madumu mawili pedeli ya kushoto ikachomoka na nyuzi zake zote, krenki, ule mkono unaoshika pedeli, ikabaki tundu laini, nilisukuma ile baiskeli mpaka giza. Kumbe dukani waliifunga kwa kulazimisha. Nilivyorudi wakaniambia ikishatoka mlangoni sio yao tena. Jamani, pedeli ya kushoto inafungwa kinyume, inakaza ukizungushia kushoto, na kila pedeli imegongwa herufi L ya kushoto au R ya kulia kwenye ekseli yake. Ukizibadilisha zitaingia kwa nguvu na zitakaa wiki kadhaa, alafu zitakutupa.

Ya mwisho ni resi, zile za tairi nyembamba na usukani wa pembe. Kwa lami ya Urambo ni tamu sana na anayefanya mazoezi simkatazi, ila ukiacha lami umekwisha, na valvu zake nyembamba zinataka pampu ya kwake ambayo kijijini huipati. Kama baiskeli yako ni moja tu ya kila kazi, achana nayo.

Haya umeshachagua, sasa baiskeli mpya sio baiskeli iliyo tayari. Zinakuja kwenye maboksi vipande vipande na kijana wa duka anafunga nyingi kwa siku, kazi yake iishe. Nimeona mpya dukani ikiwa na foku imegeuzwa nyuma mbele na watu wanaipita tu! Foku ya kawaida inapinda kuelekea mbele, ukiona imerudi ndani kuelekea kwenye pedeli waambie waifungue. Alafu inua gurudumu ulizungushe, angalia nafasi kati ya ringi na raba ya breki, ikicheza kulia kushoto halijanyooshwa. Minya spoku mbili mbili kwa vidole, za upande mmoja zikupe ukaidi unaofanana, ukikuta moja inalegea kama uzi basi jirani zake ndo zinabeba kazi yake na zitakatika kwa zamu. Kuna kipimo kingine cha kamba nilionyeshwa na fundi mmoja mzee pale Kanyenye. Unafunga kamba kwenye ekseli ya nyuma upande mmoja, unaizungusha mbele kwenye shingo ya fremu, unairudisha upande wa pili, alafu unapima umbali wa kamba mpaka bomba la siti kila upande. Vipimo vikilingana fremu imenyooka, visipolingana rudisha hela mfukoni.

Hata ikipita vyote hivyo, ipeleke kwa fundi wako siku hiyo hiyo afungue habu na shingo aone kama grisi ipo. Mara nyingi imepakwa kidogo sana, gololi zinasagana kavu na mchanga wetu ukiingia mle ndani habu inakufa kabla ya masika. Kwahiyo kwenye bajeti yako usimalize hela yote kwenye baiskeli, tenga ya grisi, gololi mpya za akiba na mkono wa fundi.

Tairi ndo kifaa cha kwanza ningebadilisha. Miiba ya huku inatoboa kitu chochote, wengi tunachana tyubu ya zamani tunaitandika ndani ya tairi kabla ya kuweka mpya, inaongeza uzito kidogo ila pancha zinapungua kweli. Tembea na viraka, solusheni na pampu, na kama valvu yako ni ile ya kimpira ndani weka vimpira viwili mfukoni vinauzwa bei ya pipi. Upepo jaza kwa namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, kwenye mchanga punguza kidogo. Cheni nazo ziko mbili, pana ya baiskeli isiyo na gia na nyembamba ya gia, useme mapema. Kupima kama imechoka chukua rula yenye inchi, hesabu pini 24 kuanzia pini ya sifuri, ikiwa mpya inaangukia inchi 12 kamili, ikipitiliza kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi itoe kabla haijala meno ya friwili. Na tafadhali oili chafu ya gari usimwagie cheni, inakusanya mchanga na mchanga na oili ni msasa. Tone moja kila pini, alafu futa na kitambaa mpaka iwe kama kavu.

Nguo nitasema kwa kifupi. Anayekwenda masaa mawili na zaidi anunue kaptula yenye sponji, unaivaa bila chupi ndani, mshono wa chupi ndo unaochubua. Ukiona aibu vaa suruali pana juu yake. Kandambili hapana, zinateleza kwenye pedeli. Kizibao cha kuakisi mwanga ni lazima kwa anayerudi usiku barabara ya malori, hicho hakina mjadala. Helmeti nunua mpya yenye alama ya EN 1078 ndani, hicho ni kiwango cha Ulaya cha usalama wa helmeti za baiskeli, ya mtumba siishauri kwasababu huwezi kujua kama ilishaanguka, sponji yake ngumu ikishapasuka mara moja kazi imeisha hata kama juu inang'aa. Ikae vidole viwili juu ya nyusi, na akina dada mnaovaa hijabu jaribuni dukani mkiwa mmevaa ile nyepesi, sio kuipima na kichwa wazi alafu nyumbani haiingii.

Siku ya kununua nenda asubuhi, na fundi wako umlipe muda wake mwende wote, yeye ashike spana wewe ushike hela. Ukishaichukua iendeshe wiki mbili bila mzigo mkubwa alafu mrudishie akaze spoku upya, zinalegea zikishazoea uzito, ndo uanze kufunga madumu.