Kunakili maua ya foronya: kusugua au dirishani?

Foronya ya bibi ikichakaa, ua lake lililotariziwa tunataka libaki. Mimi nachagua kusugua. Itandaze mezani, weka karatasi nyembamba juu, bana kwa pini, kisha pitisha ubavu wa penseli laini. Uzi ulioinuka huacha alama nyeusi kwa kipimo kilekile, na hata mwelekeo wa mishono huonekana. Karatasi ikisogea kidogo tu, jani moja huwa mawili.

Dirishani, yaani kushikiza foronya na karatasi kwenye kioo ili mwanga uonyeshe ua ulichore, ni haraka zaidi, lakini foronya ina matabaka mawili: usipoifumua, mwanga haupiti vizuri. Tena nyumba zetu nyingi za zamani hapa Ngamiani, Tanga, madirisha yake ni ya mbao, hayana kioo.

Ukimaliza kusugua, kazia mistari kwa wino siku hiyohiyo. Penseli hufutika upesi.