Redio ya gari kwa mfuko mwembamba: anzia mlangoni, si kwenye dashibodi

Gari limetoka bandarini, ushuru umelipa, bima umekata, na mfukoni imebaki kama laki tatu. Unawasha redio: inaongea Kijapani, namba zake za FM zinaishia 90, na Bluetooth hakuna. Wengi hapo hugeuza usukani moja kwa moja kwenda maduka ya Gerezani, Dar, kutafuta redio ya kioo (skrini) cha inchi tisa. Wanarudi na kioo kinang'aa, wanapandisha sauti, na inatoka sauti ile ile ya jana, ila sasa ina picha.

Mimi pesa ya kwanza naiweka kwenye milango miwili ya mbele. Kioo kinakuja mwisho, tena kama kitakuja. Hapa chini nimepanga vitu kwa mfuatano ambao ningevinunua kwa Toyota ndogo iliyotoka Japani, maana ndizo tunazoendesha wengi wetu: IST, Vitz, Spacio, Passo.

Kabla hujatoa hata mia

Kaa kiti cha dereva, ingia kwenye mipangilio ya sauti, zima "loud", besi na treble virudi sifuri, kisha sogeza sauti yote mbele. Sikiliza wimbo mzuri, si ule uliorushiwa WhatsApp ukiwa umeminywa hadi kilobiti 64 kwa sekunde. Tafuta wa kilobiti 192 au 320. Kama unatumia waya wa AUX au Bluetooth, sauti ya simu iwe karibu na mwisho, halafu kupunguza na kuongeza ufanyie kwenye redio. Namjua mtu aliyetoka nyumbani kwenda kununua amplifaya, akafanya haya akiwa kwenye foleni, akageuza gari.

Namba moja: spika mbili za mbele, na mlango wenyewe

Fungua ubao wa mlango wa gari la miaka kumi na tano uone spika iliyomo. Ni karatasi nyembamba, sumaku ndogo kama kizibo cha chupa ya chai, na pembeni mpira umeshakauka. Hata redio ya milioni haiwezi kuifanya iimbe.

Toyota nyingi ndogo hubeba spika ya inchi sita na nusu mbele, ambayo Wajapani huiandika sentimita 16. Pima hata hivyo, kipenyo cha tundu na kina chake, kwa sababu kioo cha dirisha kikishuka kinapita nyuma ya sumaku. Nunua za "coaxial", zile zenye twita (kispika kidogo cha sauti nyembamba) katikati, kwa kuwa za vipande viwili zinataka kazi zaidi ya fundi na hiyo laki tatu haitatosha. Ukishika boksi, usisome ile namba kubwa ya W 300. Soma mbili ndogo: RMS, yaani nguvu ambayo spika inaimudu muda wote, na ile ya dB inayoonyesha spika inaitikia kiasi gani. Kila dB 3 zinazoongezeka ni sawa na kuongeza nguvu ya redio mara mbili. Spika ya dB 90 kwenye redio yako ya kawaida itaishinda ya dB 87 yenye boksi la kutisha zaidi.

Bandia zipo nyingi, na nyingine zimebandikwa majina makubwa kabisa. Inyanyue mkononi: nyepesi kama sahani ya plastiki, irudishe. Omba iwashwe dukani. Muuzaji akikwambia "mashine ya kujaribia imeharibika, kaka", salamu njema, nenda duka la pili.

Kazi yenyewe ina mambo mawili ambayo mafundi wengi huruka. La kwanza ni pete. Spika ya Toyota mara nyingi imeundwa pamoja na fremu yake nene ya plastiki, ikapigwa ribiti. Spika mpya ni fupi, kwa hiyo inahitaji pete ya kuinyanyua. Ikatwe kwenye plaiwudi nzuri au plastiki nene, si MDF tupu (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa), maana ndani ya mlango maji ya mvua hupita kila siku na MDF huvimba kama mkate kwenye chai.

La pili ndilo linaloleta besi. Mlango una matundu makubwa ya chuma nyuma ya ubao, na sauti ya nyuma ya spika hupitia humo ikaja kuiua sauti ya mbele. Ziba matundu hayo kwa tepu nzito yenye uso wa alumini, ile ya gundi ya butili. Tepu ya lami ya kuzibia mabati ni rahisi, lakini kwa jua la Dar gari likiegeshwa saa sita mchana inalainika, inanuka, na siku moja inashuka juu ya mashine ya kioo. Acha matundu madogo ya chini kabisa ya mlango wazi, hayo ni ya kutolea maji. Mlango ukishazibwa ugonge kwa ngumi: badala ya kulia kama debe, unatoa mlio mzito wa gari la bei mbaya.

Kabla ubao haujarudi, chukua betri ya saa ya ukutani, volti 1.5, uguse nyaya za spika kwa sekunde moja. Chanya kwa chanya, karatasi inatoka nje. Fanya hivyo pande zote mbili. Upande mmoja ukiwa umegeuzwa, besi hupotea kabisa na utalaumu spika bure.

Namba mbili: redio isiyo na kioo

Kama redio yako haina Bluetooth wala USB, hii ndiyo ya pili. Siku hizi Pioneer, Kenwood, JVC na Sony wana redio fupi zisizo na tundu la CD, za kimo cha milimita 50. Zina USB, Bluetooth, masafa yetu ya 87.5 hadi 108, na nyuma zina matundu ya RCA ya kuunga amplifaya siku Mungu akijalia. Ukipata iliyotumika yenye asili ya Marekani, ingia kwenye mipangilio ubadilishe eneo la redio kwanza, maana kule namba za FM huruka desimali shufwa na baadhi ya stesheni zetu hutazipata.

Sasa ile "W 50 x 4" iliyoandikwa usoni. Gari likiwa linaunguruma linatoa volti 14.4 hivi, na spika ya kawaida ina ukinzani wa ohm 4. Ukipiga hesabu, chipu iliyo ndani ya redio haiwezi kuvuka wati 26 hivi kwa spika, na kabla ya kufika hapo sauti imeshaanza kukwaruza. Zinazotumika kweli ni 18 hadi 22. Geuza redio uangalie fyuzi ya nyuma: ampea 10 mara volti 14.4 ni wati 144 za kila kitu, taa na joto vikiwemo. Wati 200 za muziki zitatoka wapi? Ndiyo maana nasema redio ya jina na redio isiyo na jina zinafanana kwa nguvu. Zinatofautiana kwa usafi wa sauti, upokeaji wa FM na umri wa kuishi.

Ukienda dukani jua tundu lako. Toyota za Japani nyingi zina upana wa milimita 200 kwa kimo cha 100, wakati redio za kawaida za dunia ni 180. Hizo milimita 20 hugawanywa kwa vipande vya plastiki kushoto na kulia, na redio fupi huhitaji pia kijisanduku cha kujazia nafasi ya chini (pa kuweka simu na chenji). Na nunua soketi ya kuungia ya Toyota, ile ya pini 10 na ya pini 6. Ni ya bei ya soda chache, lakini ndiyo inayozuia nyaya za gari kukatwa kwa mkasi. Mimi gari langu la kwanza fundi alilikata soketi ya kiwandani nikiwa nimeenda kunywa chai. Niliporudi alikuwa anasokota nyaya kwa vidole na kuzifunga solotepu. Miezi mitatu baadaye spika ya kulia ilikuwa inaimba ikipita kwenye matuta tu.

Namba tatu: konventa, kama redio ya Japani bado nzima

Redio nyingi za Japani za miaka ya 2010 zina Bluetooth nzuri na sauti safi, tatizo lao ni masafa: 76 hadi 90, au hadi 95 kwa zilizochelewa kutoka. Konventa ni kidude kinachokaa kati ya waya wa antena na redio, kikishusha masafa kwa kiasi maalumu. Kipo cha megahezi 12, 14, 16, 18 na 20, na hapa ndipo watu wanapopigwa.

Chukua Dar. Clouds ipo 88.5, Wasafi 88.9, EFM 93.7. Hizo mbili za kwanza redio ya Japani inayoishia 90 huzidaka yenyewe bila msaada, ni EFM inayokosekana. Ukifungiwa konventa ya 20, redio inaanza kusikia kuanzia 96, na ghafla umepoteza hata zile ulizokuwa nazo. Ya 12 inakupa 88 hadi 102: Clouds inasogea 76.5, Wasafi 76.9, EFM 81.7. Kwa hiyo andika stesheni zako pendwa kwenye karatasi, toa namba ya konventa, ona kama jibu linaangukia kati ya 76 na 90, ndipo ununue. Arusha, Mombasa au Bujumbura orodha yako itakuwa nyingine na jibu pia.

Ni ya bei rahisi kupita zote, ila nimeiweka ya tatu kwa sababu haiongezi ubora wowote wa sauti.

Tahadhari moja kubwa. Redio za Toyota zenye ramani kwenye kadi ya SD, baadhi hujifunga betri ikitolewa na kadi haimo. Kioo kinadai kadi, na basi, hakuna redio tena hadi itafutwe kadi au namba ya kuifungulia. Usiruhusu fundi achomoe betri kabla hujahakikisha kadi ipo mahali pake. Na ukiikuta kadi hiyo, usiitie kwenye simu kuhifadhi picha za harusi.

Namba nne: sabufa ya chini ya kiti

Ile bapa, yenye amplifaya ndani yake. Haitatikisa mtaa, lakini inaupa muziki miguu, na buti yako inabaki kwa magunia ya mkaa. Nunua baada ya milango kuzibwa, kwa sababu wengi wakishaziba hugundua hawaihitaji. Waya wake mwekundu utoke kwenye betri yenyewe, na fyuzi iwe pale pale karibu na betri, umbali usiozidi urefu wa mkono. Fyuzi ikiwekwa ndani karibu na sabufa, waya ukichubuka njiani utawaka na fyuzi ikiwa inatazama.

Namba tano: kioo cha Android kisicho na jina

Sikatai, kuna anayekihitaji: anayefanya teksi za mtandaoni na anataka ramani kubwa, au anayeegesha kwenye geti jembamba na anataka kamera ya nyuma. Basi achukue chenye RAM ya GB 2 na uhifadhi wa GB 32 kwenda juu. Vya GB 1 vinawaka taratibu hadi unafika kazini ndipo vinapokuwa tayari. Toleo la Android lililoandikwa kwenye boksi usiliamini, na kioo kitazame juani, si ndani ya duka lenye giza. Muulize fundi kama kikizimwa kinalala kweli, maana vingine hunyonya betri usiku kucha. Uliacha gari siku nne ukaenda msibani, ukarudi linagoma kuwaka? Anza kukishuku kioo hicho.

Amplifaya ya "wati 3000" inayouzwa bei ya redio sijaipa namba.

Siku ya kufunga

Patana na fundi bei ya kazi kabla ubao wa kwanza haujafunguliwa, na usiende kunywa chai. Akimaliza, sogeza sauti kushoto tu, kulia tu, nyuma tu. Jaribu honi, taa, vioo vya umeme vya milango yote. Zima gari, toa ufunguo, hakikisha redio imezimika. Halafu tazama chini ya kiti na kwenye kiganja chake. Akikuonyesha skrubu mbili na kusema "hizi zimebaki tu, bosi, hazina kazi", mwambie afungue tena.