Banda la sungura la waya na trei, limetengenezwa hapahapa Malindi

Nianze na trei, mana ndiyo iliyonifanya nilipe elfu saba na mia tano bila kuvutana sana na fundi. Ni bati lililokunjwa kingo, linachomoka kwa nyuma kama droo, kinyesi na mkojo vyote vyaangukia humo na sungura hawakanyagi uchafu wao. Kwa hewa ya huku Malindi hilo ni jambo kubwa jamani, joto na unyevu viko pamoja karibu mwaka mzima na koksidia yapenda hali hiyohiyo, ule ugonjwa unaoharisha watoto wa sungura, tumbo lafura, na wengine hufa ghafla. Vijiyai vya kijidudu chake vikitoka na kinyesi haviambukizi papo hapo, vyataka kama siku mbili za joto na unyevu vikomae, kwa hivyo ukimwaga trei kila asubuhi umeshaukata njiani.

Jik haiviui hivyo vijiyai, watu wengi hawajui. Mie namwagia maji yanayochemka kisha naanika kwenye jua la saa sita. Jik naiweka ya virusi na bakteria: kwanza sabuni mpaka mkojo uishe kabisa (Jik ikikutana na mkojo yatoa hewa mbaya, yaunguza kifua chako na cha sungura), ndio sehemu moja ya Jik kwa tisa za maji, dakika kumi, suuza, kausha. Ule ukoko mweupe pembeni watolewa na siki.

Sakafu nayo nzuri, matundu ni nusu inchi kwa inchi moja, kinyesi chapita na mguu haupiti, na ameweka kibao cha kupumzikia mana waya mtupu wachubua nyayo.

Sasa zile mbao za fremu, hapo sikupenda hata kidogo. Ni mbao laini hazikupakwa chochote, zimefyonza mkojo na harufu haitoki hata uzisugue vipi, na harufu ile ndiyo inayochoma pua za sungura wakaanza kupiga chafya na kupata mafua. Nilimwambia fundi, akanijibu "itakauka yenyewe". Haijakauka. Ukiagiza, sema fremu iwe ya chuma.

Pia anauza ile ghorofa ya juu eti ni ya sungura wageni. Usikubali! Mgeni akae mbali kabisa, siku 14 kwa uchache, mwezi ni bora, na umlishe wa mwisho kisha unawe mikono. Kirusi cha RHD (ugonjwa wa sungura wa kuvuja damu mwilini), kile kilichoonekana China mwaka 1984 kikaenea dunia, chabebwa na viatu, majani na hata nzi, sembuse sungura aliye juu ya kichwa cha mwenzake.

Kuletewa mpaka Shella kwa tuktuk ni juu yako, na upime mlango kwanza, langu ilibidi ling'olewe miguu ndio likapita.