Mpira wa polo ya majini namba 5: mshiko safi, ila pima upepo ukifika Dodoma

Mpira huu wa njano, wa mchezo wa kurushiana mpira na kufunga magoli huku mkiogelea, ni saizi ya wanaume: mzunguko sentimita 68 hadi 71, uzito gramu 400 hadi 450. Uzuri wake uko kwenye ganda la raba. Lina vinundu vidogo vinavyokamata vidole hata kiganja kikiwa kimelowa, na hilo ndilo la kuangaliwa kwanza, maana ukimtoa kipa, mchezaji wa polo ya majini hushika mpira kwa mkono mmoja tu.

Wachezaji wa Chekoslovakia waliokwenda Olimpiki ya Antwerp mwaka 1920 na ya Paris mwaka 1924 hawakuipata raha hii. Enzi zao mpira ulikuwa wa ngozi, unakunywa maji, na mechi ikikolea unazidi kuwa mzito na kuteleza. Kurusha mbali kulitaka bega hasa. Mpira wa raba ulikuja miaka ya 1930, kazi ya kocha wa California, James Smith. Huu wa leo hata ukielea saa nzima, ufute, uweke kwenye mizani: gramu ni zilezile.

Kasoro iko kwenye upepo. Kiwango cha wanaume ni PSI (kipimo cha msukumo wa hewa) 13 hadi 14. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa ya nje ni nyepesi, kwa hiyo mpira uliosoma 13.5 Kariakoo, Dar es Salaam, karibu na usawa wa bahari, husoma zaidi ya 15 ukishushwa hapa, bila kuongezwa chochote. Ukiachwa juani kando ya bwawa unapanda tena. Hapo unakuwa mgumu kama jiwe, unadunda kiganjani badala ya kutulia.

Uache mpira uelee majini dakika 10 kwanza upoe. Futa tundu la kujazia upepo, maana vumbi la hapa likiingia na sindano ya pampu, tundu linavuja. Chovya sindano kwenye gliserini, ya chupa ndogo ya duka la dawa, iingize wima, pima, kisha punguza kidogo kidogo. Mafuta ya mgando usiguse kabisa, yanalainisha raba na kuiharibu. Sindano kavu ndiyo inayochana matundu mengi.

Mshiko ukipungua, mara nyingi ni mafuta ya kujipaka yaliyoganda kati ya vinundu. Sugua kwa mswaki laini na sabuni ya kipande, anika kivulini.

Nyota 4 kati ya 5. Moja imekatwa kwa sababu hauji na sindano, na pampu nyingi za baiskeli hazina geji ya kupimia upepo. Wanawake wachukue namba 4, sentimita 65 hadi 67. Na bwawa la mita 1.2 linafaa kwa mazoezi ya pasi tu. Mechi inataka angalau mita 1.8, pasiwe na wa kusimama chini.