Vali za choo cha boti zinapovuja: ununue nini kwanza

Kabla hujatoa pesa, jua ni maji gani yanayorudi kwenye bakuli. Piga pampu hadi bakuli likauke, funga koki ya kuingizia maji, usubiri saa moja. Maji machafu yakipanda, vali ya mdomo wa bata (ya mpira, hupitisha maji upande mmoja tu) kwenye njia ya kutokea imechoka. Yakipanda maji safi ya ziwa koki ikiwa wazi tu, kasoro iko upande wa kuingilia, na hiyo ndiyo ya kuogopa: bakuli likiwa chini ya usawa wa ziwa, boti iliyoachwa Port Bell, bandari ya Kampala kwenye Ziwa Victoria, usiku kucha inaweza kujaa na kuzama. Maji yakichuruzika kando ya fimbo ya mpini, ni sili ya juu ya pampu.

1. Seti nzima ya mipira. Hii tunaiweka mbele kwa sababu mipira ya pampu huzeeka pamoja, na spea hizi huagizwa kutoka mbali. Usafiri utaulipia mara moja tu. Soma toleo la choo kabla ya kuagiza. Kwa vyoo vya boti vya chapa ya Jabsco vya pampu ya mkono, seti 29045-3000 ni ya vyoo vya kuanzia 2008. 29045-2000 ni ya 1998 hadi 2007. Haziingiliani.

2. Mdomo wa bata peke yake. Ni rahisi, weka miwili akiba. Funga koki zote, piga pampu ikauke, tandika matambara, fungua skrubu za kiwiko cha kutokea. Tazama ule mpasuko: midomo mizima hubana, iliyochoka huvimba na kubaki wazi. Mpya uelekeze midomo kwenye bomba la kutokea. Ukiugeuza, choo hakitasukuma kitu. Kaza skrubu kwa zamu, taratibu, plastiki hupasuka. Bomba hilo liishie kwenye tanki la maji taka. Kampala inakunywa maji yanayovutwa Ggaba, kwenye ghuba hiyohiyo ya Port Bell.

3. Pampu nzima. Nunua endapo mchanga wa ufukweni umekwaruza silinda. Pitisha ukucha ndani. Ukinasa, sili mpya haitasaidia.

4. Koki ya kwenye mwili wa boti. Chukua ya bronzi. Ile ya brasi ya dukani imetengenezwa kwa ajili ya nyumba: zinki hutoka polepole, chuma kinakuwa chekundu na kuvunjika. Maji ya ziwa yasiyo na chumvi huchelewesha tu. Kila ncha ya bomba ipate klipu mbili za chuma kisichoshika kutu.

5. Mpira wa tyubu kutoka Kisekka, soko la spea za magari Kampala. Vali bapa ya pampu unaweza kuikata kwa mkasi, ikufikishe Entebbe kutoka Kalangala. Mdomo wa bata huwezi. Silikoni ya kubandika usiipake ndani ya vali kabisa.

Mipira mipya ipake grisi ya silikoni, na jiki usimwage chooni. Jiki huikausha mipira na kuipasua.