TAHADHARI: Huyu muuza "dhahabu ya Tabora" mnadani ni tapeli, msimtumie hata mia

Jamani, nimepigwa. Naandika huku mikono inatetemeka, na nusu ya hasira hii najikasirikia mwenyewe, maana mimi ndiye niliyekuwa nawacheka wanaotumiwa "ile hela itume kwenye namba hii" nao wakatuma kweli. Sasa wacheke wao. Laki tisa na nusu. Hela ya mchezo (upatu), yote, kama nilivyokabidhiwa na kijumbe. Tafadhali, leo sitaki neno.

Namsema yule muuza sarafu ya dhahabu ya Mjerumani, mwenye picha ya tembo kwenye profaili, kwenye mnada wa mtandaoni tunaoujua wote. Jina halina maana kulitaja, ameshabadilisha mara mbili.

Ilikuwa Alhamisi, saa tatu na nusu usiku. Umeme umekatika tangu magharibi, mume wangu Baba Nasra anakoroma, simu yangu iko asilimia 14. Napekua minada kama kawaida yangu, nikakutana na tangazo: "Rupia 15 ya dhahabu, Tabora 1916, urithi wa babu, mnada unafungwa saa nne." Moyo ukanilipuka. Mwingine angeona kipande cha chuma cha manjano akapita. Mimi ni mtoto wa Kanyenye, pale pale Tabora. Babu yangu alikuwa na kopo la maziwa limejaa hela za Mjerumani, na mle ndani kulikuwa na sarafu za heleri 20 za Tabora, nyingine nyekundu, nyingine za manjano, zimegongwa hovyo utadhani mtu alikuwa na haraka. Na kweli walikuwa na haraka! Babu alikuwa akitupanga barazani anatusimulia: vita imekuja, Mwingereza kaziba bahari, hela haziingii tena kutoka Ulaya, askari na wapagazi wanataka malipo. Mjerumani akaanza kugonga sarafu zake pale pale Tabora, kwenye karakana ya reli. Ndogo za shaba, kubwa za dhahabu iliyotoka mgodi wa Sekenke, kule Iramba. (Hata hili neno "hela" mnalolitamka kutwa mara mia limetoka kwenye hizo heleri.) Septemba 1916 Wabelgiji wakaingia mjini, ikawa mwisho wa mambo.

Za dhahabu, hizo rupia 15, zilitoka 16,198 tu. Upande mmoja tai wa Mjerumani, upande wa pili tembo kainua mkonga, nyuma yake milima, na herufi T ya Tabora. Babu hakuwahi kuishika hata moja. Aliiona mara moja mkononi mwa mtu, akaikumbuka mpaka anaingia kaburini. Kwa hiyo mnaponiuliza "ulikuwa unafikiria nini", nilikuwa namfikiria yeye.

Nikamwandikia muuzaji faragha. Akajibu papo hapo: "Mwangaluka dada." Salamu ya nyumbani! Nikayeyuka. Nikamuuliza ameipata wapi, akasema babu yake alikuwa karani wa reli, akaificha kwenye pindo la kanzu Wabelgiji walipoingia. Nikamtega, nikamuuliza dhahabu ilitoka mgodi gani. Akasema Sekenke. Nikamuuliza ile T. Akasema Tabora. Nikajiona mpelelezi! Yaani mtu nimemsahihishia mtihani ambao majibu yake yamejaa kila mahali mtandaoni, halafu nikampa mia kwa mia.

Dau lilikuwa laki nne na ishirini. Nikaweka laki nne na nusu. Ndani ya sekunde kuna mtu kaweka laki tano. Nikaweka tano na nusu, naye sita. Simu asilimia 9. Nimekaa sakafuni jikoni ili mwanga usimwamshe Baba Nasra, jasho linanitiririka, mbu wananila miguu, na huyo mtu kila nikipanda na yeye anapanda, hachoki, hafikirii. Nikafika laki tisa, akanyamaza. Akarudi na laki tisa na ishirini zikiwa zimebaki dakika mbili. Nikapiga bismillah nikaweka tisa na nusu. Kimya. Saa nne kamili ikaja: umeshinda. Niliruka pale jikoni peke yangu kama mwehu, nikaangusha sufuria.

Huyo mshindani nimekuja kumchungulia baadaye. Akaunti ya wiki tatu, haijawahi kununua kitu, na madau yake yote ameyaweka kwenye minada ya muuzaji huyo huyo. Ni yeye mwenyewe au mwenzake. Nilikuwa nashindana na mfuko wake.

Sasa sikilizeni aibu yenyewe. Akaniandikia: "Dada, ukilipia ndani ya mnada wananikata, na hela inakaa wiki nzima ndiyo nipewe, na mama yangu kalazwa. Nitumie kwenye simu, mzigo unapanda basi alfajiri." Nikaweka namba, likatokea jina la mwanamke. Nikamuuliza. "Huyo shemeji yangu, laini yangu ina matatizo." Kidole kilikuwa juu ya kitufe, nakumbuka kabisa, na kuna kitu kikaniambia we mwanamke, lala, hiyo sarafu imekaa miaka mia na zaidi haitakimbia usiku mmoja. Sikukisikiliza. Nikatuma. NA YA KUTOLEA NIKAMWEKEA. Mama mgonjwa, nilimhurumia.

Mzigo kweli ulikuja, ndiyo maana siku mbili nzima nilikuwa natembea kifua mbele. Kiboksi cha pete, pamba, na cheti kimechapwa kwa rangi kina mhuri mwekundu, "DHAHABU HALISI". Nikamwonyesha dada yangu, nikamwonyesha jirani, nikapiga picha nikaweka status. Mliniandikia hongera nyingi, asanteni.

Jumatatu nikaipeleka Kariakoo kwa yule mzee sonara aliyetengeneza pete zetu, nia yangu aniwekee tu kikuku cha kuishikilia. Akaichukua, akaipimapima kiganjani, akanitazama. Akaiweka kwenye mizani: gramu 4.3. Ile halisi ina gramu 7.168, hiyo namba naijua kama namba ya simu ya mama, na nikiwa nimesimama pale bado nikamwambia mzee labda mizani yako mbovu. Hakubishana. Akaisugua kwenye jiwe, akadondosha tindikali, ule mstari ukachemka kijani. Kijani, jamani, kama mchicha. "Shaba, mama. Imechovywa tu juu." Akaigeuza ukingoni akanionyesha mstari unaozunguka, kama ule wa kipande cha sabuni iliyotoka kwenye kalibu. Wateja wawili wamesimama pembeni wanasikiliza. Mzee akaniuliza kwa upole, "Na hii hirizi wamekuuzia shilingi ngapi?" Nikamwambia elfu thelathini. Nimemdanganya sonara, na mume wangu nimemwambia mchezo umesogezwa mwezi ujao. Kama anasoma hapa, basi, Baba Nasra, tutaongea.

Usiku ule sikulala, nikarudi kwenye tangazo na kuliangalia upya. Kila kitu kilikuwa pale pale mbele ya macho yangu. Picha zilikuwa mbili. Ya kwanza safi, mandhari meupe, kwenye kona kuna kitu kimefutwa, bila shaka namba au nembo ya mnada mkubwa wa Ulaya alikoiiba. Ya pili kaipiga juu ya kitenge. Sarafu za dhahabu za Tabora zipo za aina mbili: lile pambo la kujikunja upande wa tai, kuna ambazo ncha yake inaishia chini ya T ya neno OSTAFRIKA, na kuna ambazo inaishia chini ya A ya kwanza. Picha ya kwanza inaishia kwenye T. Ya pili kwenye A. Yaani "sarafu ya babu" ni sarafu mbili tofauti, na mimi najiita mkusanyaji!

Uzito hakuandika popote, na nilipomuuliza alisema hana mizani. Mtu anauza dhahabu hana mizani? Na bei. Sarafu halisi ni dhahabu robo tatu, na robo tatu ya gramu 7.168 ni kama gramu 5.4 za dhahabu tupu, ulizeni leo gramu moja inakwenda kwa kiasi gani. Nilikuwa nanunua chini ya bei ya kuyeyusha, kitu ambacho wakusanyaji wanakilipia maelfu ya dola. Angekuwa nayo kweli, sonara wa mtaani kwake angempa zaidi yangu bila mnada wowote. Sifa zake nyota tano zote zilikuwa za kuuza makava ya simu na stika. Na chini kabisa, maandishi madogo: "nauza kama ilivyo, hairudishwi". Na ile salamu. Mwangaluka ni salamu ya asubuhi, na ilikuwa saa tatu na nusu usiku! Bibi yangu angemtambua kabla hajamaliza kuitamka.

Mengine mtajaza wenyewe kwenye maoni, mimi kichwa kinaniuma. Wauzaji wa reale za Maria Theresa, zile sarafu kubwa za fedha, nao waangalieni: zote zina tarehe 1780 hata zilizopigwa juzi, hilo si kosa, lakini iwe na gramu 28 na ushee, na ukingoni iwe na maandishi. Ikiwa na gramu 20, ni chuma.

Huyu mtu simsamehi. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu 2015, nataka nimwone kizimbani na hicho cheti chake chenye mhuri, akimsomea hakimu neno kwa neno. Namtakia azunguke Tabora nzima juani akiwaeleza wazee babu yake alikuwa karani wa reli ipi. RB ya polisi nimechukua, namba aliyotumia nimeiripoti kwa 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu, skrinishoti zote ninazo. Kama kuna mwingine kapigwa naye aje inbox, hata kama ni elfu kumi, tukiwa wengi kesi inakuwa nzito. Usione haya, nimeshaona haya kwa niaba yetu sote.

Na fanyeni haraka kuripoti lile tangazo, kwa sababu nimetoka kuangalia sasa hivi. Ameirudisha. Jina jipya, picha zile zile mbili, dau la kuanzia laki tatu, mnada unafungwa leo saa nne usiku, na kuna mtu wa Shinyanga ameshaweka laki tano.